Jiko la nyuma ya duka: chapati ilivyotufikia

Machi 2025, Rais William Ruto wa Kenya aliahidi kuinunulia Kaunti ya Nairobi mashine ya kupika chapati milioni moja kwa siku, kwa ajili ya watoto wa shule wanaolishwa na mpango wa Dishi na County. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Wapo waliocheka, wapo waliouliza unga utatoka wapi, wapo waliosema nchi ina madeni na rais anahesabu chapati. Sikumsikia hata mmoja aliyeshangaa kwamba chakula anachoahidi kiongozi wa Afrika Mashariki ili apigiwe makofi ni chapati, wala si ugali.

Huku Makuyuni, kwenye barabara ya Korogwe kwenda Mombo, mashine bado ni mikono ya akina mama. Unga hukandwa kwa maji ya uvuguvugu hadi uache kung'ang'ania beseni. Donge husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa likawa kamba ndefu, kamba ikazungushwa kama konokono na kufunikwa ipumzike. Mpishi mwenye haraka huruka hapo pa kupumzisha, na mlaji hujua kwa meno. Kisha donge husukumwa tena na kwenda kwenye chuma chenye mafuta.

Jikoni kwa Mhindi, chapati ya kila siku haiko hivyo. Ni nyembamba, haina mafuta ndani, huokwa kwenye chuma kikavu na kuwekwa motoni ivimbe, halafu hupakwa samli. Hii yetu ya matabaka ni ndugu wa parata, chakula cha siku yenye nafasi. Tumechukua cha sherehe tukakifanya cha kituo cha basi.

Njia ya kufika kwetu inajulikana. Majahazi ya pepo za kaskazi yalileta wafanyabiashara wa Kihindi pwani karne nyingi kabla ya Mzungu. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge, na palipo na reli na manamba wa mkonge, duka la Mhindi halikuchelewa. Kenya, kati ya 1896 na 1901, reli ya Uganda ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na wasiofika 7,000 walibaki. A. M. Jeevanjee, mtu wa Karachi, alipata kazi ya kuwaleta vibarua na kuwalisha. Sehemu ya utajiri wake ilitokana na chakula cha watu hao, kabla hajaanzisha gazeti lililokuja kuwa East African Standard.

Lakini reli haifundishi mtu kukanda unga. Kilichofundisha ni jiko la nyuma ya duka. Duka mbele, nyumba nyuma, pazia katikati. Mteja aliyefuata kibiriti alinusa kitunguu kikikaangwa na bizari, na akibahatika alimsikia mama mkwe akigomba kwamba chapati za mkwewe zina pembe kama ramani ya Gujarat. Achari ya maembe ilianikwa juu ya paa, na mtoto akawekwa zamu ya kufukuza kunguru. Tulisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tuliishia kwenye kiatu. Sufuria yake hatukuitungia methali, ingawa ndiyo tuliyoibeba hadi nyumbani.

Aliyeandika mambo haya kwa kicheko na machungu kwa pamoja ni Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala mwaka 1949 katika familia ya Kiismailia na sasa ni mwandishi wa habari Uingereza. Kitabu chake The Settler's Cookbook ni maisha ya watu wake yaliyosimuliwa kwa mapishi: kila jambo la nyumbani lina sufuria yake. Humo ndimo unamkuta kuku wa kupaka katika nazi ya Waswahili, na muhogo ambao Wareno waliuleta kutoka Amerika na Wahindi wakautia pilipili na ndimu.

Kisa kinachouma zaidi, hata hivyo, hakihusu chakula. Akiwa msichana wa shule Kampala, Yasmin alicheza Juliet katika Romeo and Juliet. Romeo wake alikuwa kijana Mwafrika. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa kufuata kila la jamii, hakuzungumza naye tena mpaka alipokufa. Ni igizo la shule tu, mistari ya Shakespeare, mbele ya wazazi waliovaa vizuri. Nyumba hiyohiyo ilikula muhogo na nazi, vyakula vilivyoingia bila kubisha hodi. Lakini Mwafrika kumpenda binti yao, tena kwa maneno ya kukariri, hilo lilipita kiasi.

Na Mwafrika alikuwa tayari mle ndani. Kuanzia Mombasa hadi Kampala, familia nyingi za Kihindi zenye uwezo zilikuwa na mpishi au yaya Mwafrika, na mpishi, hata mwenye mvi, aliitwa boi. Huyo ndiye aliyesimama kando ya bibi mwenye nyumba akijifunza kiasi cha iliki, na huyo, naamini mimi, ndiye aliyeitoa chapati nje ya pazia. Alipoacha kazi au kufukuzwa, alikwenda na ujuzi wake: akafungua hoteli ya chai karibu na stesheni, au akampikia mkewe, mke akawapikia majirani siku ya Idi. Vitabu vya mapishi viliandikwa na wenye majiko. Wenye mikono hawamo, au wamo kwa jina moja, bila la baba.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mashamba ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, majengo ya kupangisha yakafuata 1971, na Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Wengi waliondoka na vyuma vya kuokea. Noorbanu Nimji, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Calgary, alitoa A Spicy Touch mwaka 1986, na wajukuu wa Nairobi na Tanga waliokulia Kanada wakapata pa kuangalia kiasi cha chumvi. Sisi tuliobaki tulipita miaka ya mwanzo ya themanini, unga wa ngano ukiwa wa foleni. Kisha unga ukarudi, na chapati ikawa ya kila asubuhi.

Leo muhogo wa kukaanga unauzwa kwenye mikahawa ya Wembley, London, kama kumbukumbu ya nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni huku. Baadhi ya waliopika nyuma ya maduka yale wangali hai, wazee wa miaka themanini na zaidi. Chuo chenye kinasa sauti kingewahi sasa kuwauliza maswali mepesi tu: nani alikufundisha kuzungusha lile donge, ulilipwa kiasi gani kwa mwezi, na je, ulikula ulichokipika au ulipikiwa ugali wako kando?