Kifungua mimba au kitinda mimba? Tuhuma ya karne moja kuhusu skizofrenia

Mwaka 1914 mwanatakwimu Karl Pearson wa London alimtwika kifungua mimba mzigo mzito. Kwa hesabu zake, mtoto wa kwanza ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kuugua kifua kikuu, kuingia katika uhalifu na kupata wazimu. Pearson alikuwa muumini wa nadharia ya kuboresha kizazi, na alihofia kwamba wazazi wakipunguza uzazi, taifa litajaa watoto wa kwanza.

Mwaka huohuo wanatakwimu Greenwood na Yule walionyesha mtego uliomo. Ukianzia kwa wagonjwa na kumuuliza kila mmoja ni wa ngapi kwao, hesabu imekwisha kupinda. Familia kubwa ina nafasi nyingi zaidi za kukutwa hospitalini, na kwa wazazi ambao bado wanazaa, kitinda mimba hajulikani.

Onyo lao halikuzima hamu ya watafiti. Eugen Bleuler wa Uswisi aliupa ugonjwa mmoja wa akili jina la skizofrenia mwaka 1908, na miongo iliyofuata kila mtu alikuja na jibu lake kuhusu ni ndugu yupi aliye hatarini zaidi kuupata. Mwaka 1961, nchini Marekani, Carmi Schooler aliona kuwa wagonjwa wa kike wengi walikuwa wa nyuma katika mfuatano wa kuzaliwa. Lawama ikamhamia mdogo.

Mwaka 1969 madaktari Hare na Price wa Uingereza walibaini mtego wa pili. Ndoa mpya zikiongezeka, watoto wa kwanza huwa wengi katika rika zima; zikipungua, wa mwisho ndio huwa wengi. Wodi huakisi tu hali hiyo. Mwaka 1972 Schooler mwenyewe, baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo, alikiri kwamba hazikuwa na ushahidi wa kutegemewa.

Kisha macho yakamgeukia baba. Utafiti wa Jerusalem wa mwaka 2001, uliohusu watu zaidi ya 87,000, ulikuta kuwa watoto wa baba aliyewazaa akiwa na miaka 50 au zaidi walikuwa na hatari ya skizofrenia karibu mara 3 ya wale wa baba wa chini ya miaka 25. Kitinda mimba akaonekana tena mashakani, maana yeye ndiye humkuta baba keshazeeka. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Denmark walionyesha kuwa kwa watoto wa pili na kuendelea, kilichohusiana na ugonjwa ni umri wa baba alipopata mtoto wake wa kwanza. Na umri huo ni uleule kwa ndugu wote wa baba mmoja.