Paipu ya Inchi Mbili

Chuma cha kwanza nilichoinua maishani kilikuwa paipu ya maji. Jimu yetu ya mtaani, hapa Nairobi, ilikuwa uwanja mdogo nyuma ya ploti, mabati juu, vumbi chini. Vifaa tulijitengenezea: unatafuta mkebe wa rangi, unamimina simiti, unachomeka paipu, unangoja ikauke, halafu unageuza upande wa pili.

Paipu zilikuwa mbili, zote kutoka kwa muuza skrepu. Moja ya inchi moja na nusu, nyingine ya inchi 2. Hiyo ya inchi 2 wasee waliibatiza Mzee, maana haikumheshimu mtu. Mikebe yake ilikuwa midogo kuliko ya mwenzake, lakini ukimshika Mzee vidole havikutani na gumba. Unavuta, mgongo uko tayari, miguu iko tayari, halafu kiganja kinafunguka chenyewe kama mlango usio na komeo.

Sisi tulidhani hiyo ni shida ya umaskini. Wenye pesa, tulijua, wana vyuma vyembamba vinavyong'aa. Nilipopata kazi nikajiunga na jimu ya kulipia, nikakutana na chuma cha kawaida cha mashindano, unene wake milimita 28. Kiliingia mkononi kama kimepimwa. Siku hiyo niliinua kilo ambazo sikuwahi kuota. Nilifurahi, lakini pia niliona aibu: miaka yote ile, kumbe tulikuwa tunahangaika na takataka?

Jibu nililipata kwenye historia, na halikuwa nililotarajia.

Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na jitu la maonyesho aliyeitwa Louis Uni, jina la jukwaani Apollon. Kifaa kilichobaki na jina lake ni magurudumu mawili ya reli yaliyoungwa na ekseli, jumla kilo 166. Uzito huo ni mkubwa, lakini wakali wa kuinua vyuma wa enzi zilizofuata waliumudu kwenye chuma chembamba. Kilichowatoa jasho ni ekseli yenyewe: unene wake ulikuwa milimita 49 hivi. Baada ya Apollon, waliofanikiwa kuyapandisha magurudumu yale hadi juu ya kichwa walihesabika kwa vidole. Charles Rigoulot aliweza mwaka 1930. Mwaka 1949, huko Paris, akaja John Davis, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa Olimpiki. Ekseli ilimteleza mara kadhaa. Mwishowe akaishika kiganja kimoja kikiangalia mbele na kingine nyuma ili isizunguke, akaivuta, na ikiwa bado hewani akageuza mkono mmoja akaipokea kifuani. Norbert Schemansky akafuata mwaka 1954.

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, kulikuwa na Thomas Inch, mzaliwa wa Scarborough. Ndiyo, Inch, kama kipimo. Yeye alikuwa na dambeli ya kilo 78, mpini wake unene wa sentimita 6, na aliahidi pauni 200 kwa yeyote atakayeinyanyua kwa mkono mmoja. Miaka ikapita, pesa zikabaki mfukoni mwake. Siri ni kwamba ile dambeli ni kipande kimoja cha chuma. Mpini ukianza kuzunguka kiganjani, matufe yote mawili yanazunguka nao, na ukishaanza kuzunguka, vidole vimeisha. Baadaye ilijulikana pia kwamba Inch alikuwa na dambeli kadhaa zilizofanana kwa sura ila si kwa uzito. Mjanja wa jukwaani hakosi akiba.

Niliposoma vipimo hivyo nilikwenda mtaani na rula. Paipu hupewa jina kwa tundu lake la ndani, si kwa mwili wake wa nje. Ile ya inchi moja na nusu ina unene wa nje wa milimita 48: karibu sawa na ekseli ya Apollon. Mzee ana milimita 60: ni mpini wa Inch kabisa. Manze, nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu.

Leo mipini minene inauzwa, na si yote inafanya kazi moja. Ekseli inashikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo mkono mmoja unaweza kuusaidia mwingine, kama alivyofanya Davis. Dambeli ya Inch haina msaada huo. Inapima gumba na inapima mzunguko. Kuna mpini wa kuzunguka, uliotoka Marekani miaka ya 1990, unaoning'iniza uzito chini yake: huo haukupi hata nafasi ya kukwaruza chuma kwa ngozi, maana ukikaza vibaya unazunguka tu. Halafu kuna raba za kuvisha juu ya chuma chochote. Ni rahisi kubeba kwenye begi, lakini raba inang'ang'ania kiganja, kwa hiyo inasamehe zaidi kuliko chuma kitupu. Ukitaka kigasha kijazwe, raba inatosha. Ukitaka kujua ukweli wa gumba lako, tafuta chuma laini.

Ninachokumbuka zaidi ni nia ya wale wazee wa jukwaani. Mpini mnene ulifaa kama kufuli: mwenyewe anafungua, wengine wanalipa kiingilio kutazama wakishindwa. Kwetu paipu ileile ilikuwa mlango wazi. Haukuulizwa kadi wala ada, na ukishindwa na Mzee, msee wa pembeni alikuonyesha pa kuweka gumba.

Bado nalipia jimu ya mjini, sikatai. Lakini Jumamosi narudi nyuma ya ploti. Juzi kijana mmoja, labda miaka 15, aliniuliza kwa nini tusichange tununue chuma kizuri. Nilimwambia tuchange, ni wazo zuri. Halafu nikamwomba amshike Mzee kwanza. Alivuta mara tatu. Mara ya tatu mikebe iliachana na vumbi, kidogo tu, ikashuka tena.

"Ni nzito aje hii?" akauliza, akiangalia kiganja chake.

"Si nzito," nikamwambia. "Ni nene."