Neno Dogo katika Warumi 5:12

Wagothi walipoiteka Roma mwaka 410, Pelagius, mtu wa Britania, alivuka bahari akafika Afrika ya Kaskazini. Alifundisha ya kuwa mwanadamu huzaliwa hana hatia, naye kwa hiari yake aweza kushika amri. Kwani Mungu mwenye haki hamwagizi mtu asiloliweza. Augustino, Askofu wa Hippo, alipinga: hiari imefungwa na dhambi ya Adamu, wala haifunguki ila kwa neema.

Mashindano hayo yaligusa hata maneno mawili madogo ya Kilatini, "in quo". Augustino aliyafahamu kuwa "ambaye katika yeye", yaani katika Adamu wote walitenda dhambi. Julianus, Askofu wa Eclanum, akajibu kwamba maana yake ni "kwa kuwa". Wajuzi wengi wa Kigiriki wa leo huona hivyo, na Biblia ya Kiswahili ya 1952 nayo yasema "kwa sababu".

Je, Augustino ameshindwa? La. Aliuliza pia: ikiwa mtoto mchanga hana dhambi, mbona Kanisa lambatiza kwa ondoleo la dhambi? Baraza la maaskofu la Carthage, mwaka 418, lilishika hoja hiyo. Na lile la Orange, mwaka 529, likathibitisha ya kuwa neema hutangulia hiari.

Basi mwalimu asijenge fundisho zima juu ya neno moja. Wala neno hilo likisahihishwa, asidhani nyumba yote imeanguka.