Mzabibu: Dume na Jike Katika Ua Moja

Kila mzabibu wa Dodoma huzaa, kwa kuwa ua lake lina chavua na ovari pamoja. Mizabibu mwitu ya Ulaya na Asia Magharibi, asili ya huu wetu, haiko hivyo: mmea dume hutoa chavua tu, na mmea jike ndio uzaao.

Siri imo katika sehemu ndogo ya kromosomu ya 2. Nakala ya jike ya sehemu hiyo ina jeni iliyoharibika, VviINP1, hivyo chavua yake ni tasa. Nakala ya dume huzuia ovari isikue. Hapo zamani nakala hizo zilibadilishana vipande, ukatokea mzabibu wenye uwezo wote wawili. Ni bahati kubwa! Wakulima wa kale waliuteua, wakauzidisha kwa vipandikizi.

Ndiyo maana mkulima wa Hombolo au Makutupora, huko Dodoma, hatengi ardhi kwa mimea dume isiyozaa.