Giaboksi ya Beetle iliyopinduliwa juu chini ikaingia kwenye mbio

Mwaka 1954, Volkswagen Beetle ya Vic Preston na mwenzake D. P. Marwaha ilishinda mashindano ya Coronation Safari, yaliyokuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle ilishinda tena mwaka 1957 na 1962. Sifa zake kila mtu alizijua: injini inayopozwa kwa hewa, uzito uliokaa juu ya matairi ya nyuma, na uvumilivu wa vumbi na matope. Giaboksi yake haikuimbwa na mtu. Lakini miaka hiyohiyo, huko Maidenhead, mji ulio magharibi ya London, karakana moja ndogo ilianza kuchukua giaboksi za gari hilo, kuzipindua juu chini na kuzijaza gia mpya. Ndivyo ilivyopatikana giaboksi ambayo dereva wa ridhaa aliweza kuinunua, kuifungua na kuifunga mwenyewe.

Injini ilipohamia nyuma

Hadi katikati ya miaka ya 1950, magari mengi makubwa ya mbio yalikuwa na injini mbele ya dereva. Kampuni ya Cooper ya Surbiton, Uingereza, ndiyo iliyoubadili mpangilio huo kwa kuiweka injini nyuma ya dereva na mbele ya ekseli. Gari likawa jepesi na fupi, ila likaja na tatizo lake: ilihitajika giaboksi iliyounganishwa na difu katika boksi moja, na wakati huo haikuwapo dukani.

Cooper walikopa kutoka Ufaransa. Citroën Traction Avant iliendeshwa kwa matairi ya mbele, na giaboksi yake ilikuwa mbele ya injini. Ukiugeuza mtambo huo ukaupeleka nyuma ya gari, unakaa vizuri. Tabu ni kwamba ulitengenezwa kwa gari la familia, nao ukabebeshwa nguvu za mbio. Jack Brabham, dereva aliyekuwa pia fundi, alifunga safari mwenyewe hadi Paris, kwenye karakana ya ERSA, kutafuta boksi lililoimarishwa. Mwaka 1959 na 1960 akawa bingwa wa dunia akiwa na Cooper.

Colin Chapman wa Lotus alipita njia yake. Alitaka giaboksi ndogo sana, ya kupandisha gia moja baada ya nyingine kwa mfululizo, kama ya pikipiki. Kwenye karatasi ilipendeza. Barabarani ilisumbua mno. Kijana mmoja, Keith Duckworth, alipewa kazi ya kuirekebisha, akachoka, na mwaka 1958 akaungana na Mike Costin kuanzisha kampuni waliyoiita Cosworth. Baadaye ndiyo iliyounda injini ya DFV, mojawapo ya injini zenye ushindi mwingi zaidi katika Formula One.

Boksi sita za Maidenhead

Mike Hewland alianzisha kampuni yake mwaka 1957, ikiwa karakana ya kukereza vyuma. Mwaka 1959, fundi mkuu wa timu ya UDT Laystall, iliyokuwa na magari ya Cooper ya Formula Two yanayovunja giaboksi, alimwomba msaada. Hewland akabuni na kutengeneza giaboksi sita. Zikafanya kazi, na hapo akawa ameingia kwenye biashara ya giaboksi.

Mwaka 1960 ilifuata Mk III, iliyojengwa ndani ya ganda la Beetle. Sababu haikuwa mapenzi. Ganda hilo lilikuwa la aloi nyepesi, lilizalishwa kwa wingi, bei yake ilikuwa ndogo, na difu ilikuwa tayari ndani. Kwenye Beetle, injini iko nyuma ya ekseli na giaboksi iko mbele yake. Gari la mbio linataka kinyume chake. Lakini ukiugeuza mtambo mzima ukatazama upande wa pili, unapata gari lenye gia nyingi za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele. Hewland alililaza ganda juu chini. Krauni, gia kubwa ya difu, ikahamia upande mwingine wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na matairi yakazunguka yanakotakiwa kuzunguka.

Ndani yake hakubakiza mengi ya Volkswagen. Gia za gari la kawaida zina meno ya mshazari ili zisipige kelele, lakini meno hayo husukuma shafti kwa urefu wake na kuzichosha beringi. Hewland aliweka meno yaliyonyooka, yanayolia kwa sauti kubwa na kubeba mzigo bila msukumo huo. Sinkro, inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, aliitoa. Mahali pake akaweka pete zenye kucha chache, nene, zinazoruka kutoka gia hii na kudaka nyingine papo hapo.

Funiko la nyuma

Jambo lililowavutia zaidi mafundi lilikuwa mahali gia zilipokaa. Zilipangwa mkiani mwa giaboksi, nyuma ya funiko lililofungwa kwa nati. Ukifungua nati hizo na kuchomoa funiko, unazitoa gia huku giaboksi ikiwa bado garini na injini haijaguswa.

Faida yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Gia yenye meno 20 ikizungusha yenye meno 28, injini inazunguka mara 1.4 kwa kila mzunguko mmoja wa shafti ya pili. Ukiweka jozi ya meno 21 kwa 27, uwiano unashuka hadi karibu 1.29, na gari linafikia kasi kubwa zaidi kabla ya kuhitaji gia inayofuata. Meno ya jozi zote mbili yakijumlishwa yanafika 48, kwa hiyo zinakaa kwenye shafti zilezile bila kuhamisha chochote. Kiwanja chenye barabara ndefu iliyonyooka kinataka jozi moja, chenye kona za karibu karibu kinataka nyingine. Uamuzi huo ukatoka kiwandani ukaja mikononi mwa fundi, jioni kabla ya mbio.

Timu kubwa nazo ziliona. Lotus 49 ilipoibeba injini ya DFV kwa mara ya kwanza, katika kiwanja cha Zandvoort mwaka 1967, ilikuwa na giaboksi ya ZF ya Ujerumani. Mwaka uliofuata Lotus walihamia Hewland FG400. Katika muongo wa 1970, timu nyingi za Uingereza zilinunua injini Cosworth na giaboksi Hewland, zikajenga gari kuzunguka viwili hivyo.

Formula Ford na fundi wa gereji

Tarehe 2 Julai 1967, mbio za kwanza za Formula Ford zilifanyika katika kiwanja cha Brands Hatch. Shabaha ilikuwa gharama nafuu: injini ya Ford Cortina, matairi ya kawaida, gia nne za mbele. Hewland za Mk 8 na Mk 9, zenye ganda la Volkswagen, zikaenea kwenye magari hayo, kisha ikafuata LD200. Waliozifungua hawakuwa wahandisi wa timu kubwa. Walikuwa watu wenye ajira zao, wanaofanya kazi hiyo usiku nyuma ya nyumba.

Kazi huanza na oili. Boliti ya chini ina sumaku. Ikitoka na ute wa kijivu, huo ni ulaji wa kawaida. Ikitoka na vipande vyenye ncha, kuna jino limemeguka. Kisha zinatazamwa pete za kucha. Kucha nzima ina kona kali, na ubavu wake umekatwa kwa kuinama ndani kidogo, ili mzigo wa injini uzivute gia mbili zishikane zaidi. Kona zikilika zikawa duara, gia huchomoka yenyewe, mara nyingi dereva anapoachia pedali ya mafuta akiingia kona.

Wengi hubadilisha pete wakaishia hapo. Ugonjwa hurudi, kwa sababu chanzo kilikuwa kwenye foku inayoisukuma pete hiyo. Foku isipokaa katikati, gia ya upande mmoja inaingia hadi mwisho na ya upande wa pili inaishia nusu. Nusu hiyo ndiyo inayokula kona za kucha. Ndiyo maana fundi makini huingiza kila gia kwa mkono giaboksi ikiwa wazi, akatazama kina cha kucha pande zote mbili, kisha ndipo anaikaza foku kwenye fimbo yake.

Krauni na pinioni zina adabu yao. Meno hupakwa rangi, yakazungushwa, na alama inayobaki huonyesha yanapogusana. Alama ikikaa ukingoni mwa jino, huongezwa au kupunguzwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vya unene wa sehemu za mia za milimita, hadi irudi katikati.

Mkono wa dereva

Giaboksi ikishakuwa nzima, inabaki fimbo ya kubadilishia gia. Katika gari lenye injini nyuma, mkono wa gia uko ubavuni mwa dereva na giaboksi iko mkiani kabisa. Chuma kirefu hupita kando ya injini, kikipinda kwenye viungo kadhaa. Ulegevu mdogo katika kila kiungo hujumlishwa, na dereva anayetafuta gia ya tatu anajikuta ameingiza ya kwanza. Injini inayozungushwa hivyo hupasuka. Tiba yake ni ya bei ndogo: viungo vipya vya gololi, bushi zisizocheza, kishikizo katikati ya chuma ili kisipinde, na urefu uliopimwa gia zote zikiwa fri.

Mwaka 1989 Ferrari 640, iliyobuniwa na John Barnard, ilikiondoa chuma hicho. Nigel Mansell alishinda nayo nchini Brazili katika mbio za kwanza za gari hilo, akibadili gia kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani, mitambo ya umeme na mafuta ikifanya iliyobaki. Mfululizo uliomshinda Chapman ulikuwa umepata vifaa vya kuubeba. Leo hata magari ya ridhaa yanaweza kufungwa giaboksi za namna hiyo, lakini kompyuta inayoziongoza haisomeki kwa jicho wala kupimwa kwa kidole.

Hewland za zamani bado zinashindana katika mbio za magari ya kihistoria na Formula Ford, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Anayeinunua leo na kuendesha kwa upole, akiivuta gia taratibu kama anavyofanya kwenye gari la nyumbani, ndiye anayeimaliza haraka. Kucha hizo zinataka kupigwa mara moja, kwa nguvu, bila kusita. Zikisuguana hulika, na dereva anarudi mezani na spana kabla ya msimu kwisha.