Dari, Sakafu na Shilingi Moja

Mwaka 1962 Kenneth Iverson, mwanahisabati kutoka Kanada aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha kitabu kiitwacho A Programming Language. Ndani yake mna alama mbili ndogo zilizodumu kuliko mashine zote za wakati ule.

Kabla yake, wanahisabati walitumia mabano ya mraba, kama alivyofanya Gauss mwaka 1808, kuonyesha namba kamili inayobaki desimali ikiondolewa. Mabano hayo yalikuwa na kazi nyingine tele, tena hayakuonyesha kama namba inapanda au inashuka. Iverson aliyapunguza. Yaliyobaki na mkono wa juu tu aliyaita dari, yenye mkono wa chini akayaita sakafu. Namba 3.2 ikipandishwa inafika darini, kwenye 4. Ikishushwa inatua sakafuni, kwenye 3.

Tatizo lilikuwa namba zenyewe. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1, na kwa mfumo huo 0.1 haina mwisho, kama theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali zetu. Mashine hulazimika kukomea mahali fulani. Ndiyo maana katika Python au JavaScript, 1.1 mara 100 huleta 110.00000000000001. Ukipandisha jibu hilo hadi namba kamili, unapata 111. Bidhaa ya shilingi 100 ikiongezwa asilimia 10, mteja anatozwa shilingi moja asiyodaiwa.

Waundaji wa APL, lugha iliyotokana na kitabu kile, walijihadhari. Dari na sakafu zao zilipuuza tofauti ndogo mno, hivyo namba iliyo karibu kabisa na 110 ilihesabiwa kuwa 110. Lugha nyingi nyingine, ikiwemo C, zilimwachia mwandishi wa programu uamuzi huo.

Uamuzi wa namna hiyo unaweza kugharimu. Januari 1982 Soko la Hisa la Vancouver lilianzisha faharasa yenye pointi 1,000. Kila baada ya biashara, programu ilikokotoa upya na kukata tarakimu zote baada ya desimali ya tatu. Kukadiria kwa namba iliyo karibu zaidi kungepandisha baadhi na kushusha nyingine, na makosa yangefutana. Kukata kulishusha tu, maelfu ya mara kwa siku. Kufikia Novemba 1983 faharasa ilikuwa chini ya 600, ingawa soko halikuwa limeanguka. Iliposahihishwa, ilikaribia 1,100.

Haba na haba hujaza kibaba. Vancouver ilionyesha kwamba hukimaliza pia. Leo kupandisha namba ni amri ya neno moja. Anayeiandika anaamua pia kile kipande kidogo kinachoongezwa au kukatwa kitatoka mfukoni mwa nani, na mara ngapi kwa siku.