Hitilafu kama Hati ya Kihistoria: Seva ya Linux na Kompyuta Tegemezi Shuleni, kwa Kipimo cha Ruziba, Bujumbura

Utangulizi

Historia ya kompyuta katika shule za Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kwa kufuata sherehe: siku mashine zilipokabidhiwa, idadi yake, jina la mfadhili na la mgeni rasmi. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza siku ambazo mashine zilikataa kuwaka. Hoja yake kuu ni kwamba hitilafu ya seva ni hati ya kihistoria: huonyesha ni kitu gani kilichobadilika katika mazingira ya shule, lini kilibadilika, na maarifa ya kukabiliana na badiliko hilo yalikuwa mikononi mwa nani. Anayetaka kujua kwa nini maabara moja ilidumu na nyingine ikageuka ghala atapata mengi zaidi katika hitilafu kuliko katika hotuba.

Kipimo chetu ni Ruziba, mtaa wa eneo la Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara kuu iendayo Rumonge. Hapa masharti matatu yanayoamua uhai wa maabara ya shule yanakutana. La kwanza ni umeme. Nchini Burundi, takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme. Hata jijini, zilikofika nyaya za REGIDESO, mkatiko si jambo la ajabu, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeifanya jenereta isiwe tegemeo. La pili ni vifaa, ambavyo mara nyingi huwa vimekwisha kutumika kwingine kabla ya kufika shuleni. La tatu ni lugha. Fundi wa Bujumbura amesomeshwa kwa Kifaransa, miongozo ya seva anaisoma kwa Kiingereza, nyumbani anazungumza Kirundi, na Kiswahili anakitumia mjini na pamoja na mafundi wenzake wa Uvira na Kigoma.

Chimbuko la mfumo

Kwa kompyuta tegemezi tunamaanisha kompyuta isiyohitaji diski kuu yake yenyewe. Ikiwashwa, kadi yake ya mtandao huomba anwani, hupokea kutoka kwenye seva kiini cha mfumo endeshi, kisha hupata mafaili mengine yote kupitia kebo. Katika umbo lake la awali, programu zote huendeshwa ndani ya seva, na mwanafunzi aliye mbele ya skrini hutuma tu mibofyo ya vitufe na kupokea picha.

Wazo hili lina mizizi mirefu. Mfumo wa X wa kuonyesha madirisha, uliobuniwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, tangu mwanzo uliruhusu programu iendeshwe kwenye mashine moja na ionekane kwenye nyingine. Linus Torvalds alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, uwezo huo ulifika katika kompyuta za kawaida. Mwaka 1999 Jim McQuillan, wa jimbo la Michigan nchini Marekani, aliuunganisha ujuzi huo katika mradi wa Linux Terminal Server Project, kwa ufupi LTSP. Mwaka 2005 toleo la kwanza la Edubuntu lilitolewa likiwa na LTSP ndani yake, na mwalimu akaweza kusanidi seva bila kukusanya vipande kimoja kimoja.

Mvuto wake kwa shule maskini ulikuwa hesabu tupu. Kompyuta ya mezani ya zama zile, pamoja na skrini yake ya kioo kizito, ilikula wati 100 au zaidi. Kifaa tegemezi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hutosheka na wati 10 hadi 20, skrini kando. Miongozo ya LTSP ya wakati huo ilipendekeza kumbukumbu ya seva ya megabaiti 256, pamoja na megabaiti 192 kwa kila mtumiaji. Kwa hiyo watumiaji 20 walihitaji megabaiti 4,096, yaani gigabaiti 4 katika mashine moja, ilhali mashine nyingine zote ziliweza kuwa kuukuu. Barani Afrika, SchoolNet Namibia na miradi ya Wakfu wa Shuttleworth huko Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waliolitumia wazo hili mapema.

Hitilafu na vipindi vyake

Kipindi cha kwanza, tangu 1999 hadi takriban 2005, kilitawaliwa na hitilafu ya kutowaka. Kadi nyingi za mtandao za kale hazikuweza kuwasha mashine kupitia kebo; fundi alilazimika kuandaa diski laini yenye programu ndogo ya kuitafuta seva. Vumbi na unyevu viliziharibu diski hizo. Mashine iliyotangazwa kuwa mbovu mara nyingi ilikuwa nzima; kilichokufa ni diski laini. Maarifa ya kuitengeneza nyingine yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na alipohama, mashine zake zilihama naye kwa maana ya matumizi, ingawa zilibaki mezani.

Kipindi cha pili kilikuja na LTSP ya tano, iliyosimba mawasiliano kati ya mashine na seva kwa funguo za siri. Hitilafu yake maarufu ni ya mtumiaji anayeandika nywila sahihi na bado hawezi kuingia. Chanzo kimoja ni kubadilika kwa anwani ya seva: nakala ya mfumo inayotolewa kwa mashine inahifadhi utambulisho wa zamani, hivyo mashine inaikataa seva kama mgeni asiyejulikana. Tiba ni amri mbili kwa mpangilio wake, ltsp-update-sshkeys kisha ltsp-update-image, na kuziwasha mashine upya. Chanzo kingine, chenye dalili inayofanana, ni diski ya seva iliyojaa. Asiyejua tofauti hufuta akaunti za wanafunzi na kazi zao pamoja, akidhani anatibu.

Katika kipindi hichohicho umeme ulionyesha udhaifu wa mfumo mzima. Umeme ukikatika, kompyuta zinazojitegemea huzimika kila moja kivyake, lakini seva ikizimika, darasa zima linapoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Umeme unaporudi, seva huenda ikasimama ikisubiri mtu athibitishe ukarabati wa mafaili. Swali liko kwenye skrini ya seva, katika chumba kilichofungwa, kwa Kiingereza. Shule yaweza kukaa siku kadhaa ikisubiri jibu la neno moja.

Kipindi cha tatu kilianzia baharini. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009. TEAMS na EASSy zikafuata katika kipindi cha takriban mwaka mmoja. Burundi haina pwani, lakini kupitia majirani zake na kupitia mkongo wa taifa uliojengwa na Burundi Backbone System katika miaka ya 2010, athari zilifika Bujumbura. Pamoja na intaneti ikaja ruta. Ruta hugawa anwani kwa kila kifaa kinachoomba, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na seva peke yake. Ikichomekwa kwenye swichi ya maabara, wagawaji wanakuwa wawili, na kila mashine inamfuata anayejibu kwanza. Leo inawaka, kesho haiwaki, bila sababu inayoonekana. Tiba ni kuiachia ruta ugawaji wa anwani na kuiweka seva, kwa programu ya dnsmasq, itoe maelekezo ya kuwasha tu. Au kuitenga maabara na mtandao wa nje kwa kadi ya pili ya seva. Hapa ndipo hitilafu inapoonekana wazi kuwa hati: inapotokea kwa mara ya kwanza katika shule, imeandika tarehe ya intaneti kufika.

Kipindi cha nne ni cha uzito. Vivinjari na video viliimeza kumbukumbu ya seva na kuijaza kebo, hata kanuni ya megabaiti 192 ikawa ndoto. Mwaka 2017 Ubuntu ikaacha kutoa kwa kompyuta za mezani diski za usakinishaji za biti 32, na mashine kuukuu zikaanza kukosa mlezi. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya chini ya uongozi wa Alkis Georgopoulos wa Ugiriki. Katika toleo hili seva hutoa mfumo na kuhifadhi kazi, lakini programu huendeshwa na kichakato cha mashine ya mwanafunzi mwenyewe.

Mabadiliko hayo yalipindua hesabu ya ununuzi. Shule yenye mashine dhaifu inayofuata mwongozo mpya itapata maabara inayokwama. Shule yenye mashine nzuri inayofuata mwongozo wa kale itanunua seva ya bei kubwa isiyoihitaji. Mshauri wa sera anayeandika zabuni bila kujua ni kipindi gani anachokiandikia anapanga hitilafu kabla ya vifaa kutoka bandarini.

Lugha ya sebuleni na lugha ya jikoni

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, nayo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta. Lakini tafsiri ile ilimlenga mwandishi wa barua na mtengenezaji wa majedwali. Ujumbe unaotokea mashine inaposhindwa kuiona seva, na miongozo inayoeleza la kufanya, ilibaki kwa Kiingereza. Kiswahili kilikaribishwa sebuleni. Jikoni, chakula kinakopikwa na kuungua, hakikufika.

Pengo hili si la heshima ya lugha tu. Katika mazingira ya Ruziba, ambako Kirundi ni lugha ya wote na Kiswahili kimeingizwa katika mtaala wa shule za msingi, mwongozo wa Kiingereza humfanya anayeuelewa kuwa mlinzi pekee wa maabara. Mfumo unaoweka nguvu zote katika seva moja huishia kuweka ujuzi wote katika mtu mmoja.

Yako mabishano ya haki dhidi ya mfumo huu. Baadhi ya wataalamu husema kwamba kompyuta ndogo za betri zinafaa zaidi kwa kuwa kuharibika kwa moja hakuziathiri nyingine. Hoja hiyo ina uzito, hasa penye umeme wa mashaka. Hata hivyo, mashine 20 zinazojitegemea zinahitaji matengenezo mara 20, ilhali katika seva kosa hurekebishwa mahali pamoja kwa faida ya wote. Kinachoamua ni kama tiba inajulikana na watu wa kutosha.

Hitimisho na mapendekezo

Vipindi vinne tulivyovipitia vina fundisho moja. Gharama iliyookolewa kwenye vifaa haikutoweka. Ilihamia kwenye maarifa, na bajeti hazikuifuata huko. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila seva ya shule iwe na daftari la karatasi, kwa lugha inayosomwa na walimu wote, linaloandika tarehe, dalili, chanzo na tiba ya kila hitilafu; karatasi, kwa sababu daftari lililo ndani ya seva hufa na seva. Pili, mkataba wa vifaa utaje watu wasiopungua wawili watakaofunzwa, pamoja na betri ya kuizima seva kwa usalama na diski ya akiba yenye nakala ya mfumo. Tatu, zabuni itaje bayana kama programu zitaendeshwa na seva au na mashine za wanafunzi. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na vyuo vikuu vya kanda kutayarisha mwongozo wa Kiswahili wa utatuzi wa hitilafu, ukianzia kwenye dalili zinazoonekana na mwalimu, si kwenye majina ya programu.

Madaftari hayo yatakuwa na kazi ya pili. Yakitunzwa kwa miaka kumi, mtafiti wa historia atapata humo kile ambacho ripoti za makabidhiano hazijawahi kumpa: kumbukumbu ya jinsi teknolojia ilivyoishi katika shule, siku kwa siku, na majina ya kazi ya walioifanya iendelee kuishi.